Acheni Kuziita Adimu

Elfu mbili mlangoni. Hiyo ndiyo bei ya kusikiliza muziki ambao baba yangu aliusikia bure kila Ijumaa jioni, ndani ya matatu ya kutoka tao kwenda Kangemi. Nililipa. Nilikuwa na sababu yangu, nitaisema baadaye.

Ilikuwa baa moja ya ghorofani huko Westlands. Taa hafifu, mimea kila kona, na ukutani wametundika majalada ya santuri vile wawindaji wa zamani walivyokuwa wakitundika vichwa vya swara. Bango liliahidi usiku wa "santuri adimu za Afrika Kusini, enzi za ubaguzi wa rangi". Dijei, msee wa rika langu, akashika maikrofoni akatuambia kwamba wimbo unaofuata karibu hakuna mtu Nairobi aliyewahi kuusikia.

Akaweka "Umqombothi".

Maze, "Umqombothi"! Wimbo ambao shangazi zangu wote wanausimamia kwenye harusi kama wimbo wa taifa. Wimbo uliofungua filamu ya Hotel Rwanda mwaka 2004, dunia nzima ikausikia tena. Wakati huo mhudumu mmoja, mama wa miaka hamsini hivi, alikuwa anapita na trei ya glasi, na midomo yake ilikuwa inafuata wimbo mstari kwa mstari. Dijei hakumwona. Alikuwa amefumba macho, anahisi.

Sina ugomvi na mtu kulipisha mlango. Kodi ya Westlands ni kitu kingine, najua. Ugomvi wangu ni hilo neno adimu. Santuri yenyewe, ule mduara wa plastiki, inaweza kuwa adimu, sawa. Zilivunjika, zilikwaruzwa, zilichezewa na watoto. Lakini muziki uliosikiwa na jiji zima hauwezi kuwa adimu. Ukiuita hivyo unasema kwamba haukuwa na wenyewe mpaka ulipofika wewe. Ni ile hadithi ya kuvumbua mlima ambao watu wanachunga mbuzi kwenye miteremko yake.

Tuwekane sawa. Brenda Fassie alitoa "Weekend Special" mwaka 1983 akiwa na The Big Dudes. Yvonne Chaka Chaka alivuma mwaka 1985 na "I'm in Love With a DJ". Sipho Mabuse alikuwa na "Burn Out". Hawa hawakuwa watu wa pembeni. Walikuwa pop: muziki wa kila mtu, wa saluni, wa kinyozi, wa disko. Kaseti zao zilinakiliwa River Road na kuuzwa kama njugu. Na wazee wenu, ninyi mnaosema hamjawahi kusikia, walizicheza Florida, ile iliyokaa kama chombo cha anga za juu pale Koinange Street kabla haijabomolewa. Waulizeni. Watakataa kwanza, halafu watacheka.

Na kama unataka kwenda nyuma zaidi, nenda. Ile twist ya Daudi Kabaka miaka ya sitini ilichota mdundo wake kutoka kwela ya Afrika Kusini, na mwaka 1968 kundi la Uingereza, The Tremeloes, likachukua "Helule Helule" yake likaifanya hit kwao. Miriam Makeba alikuwa akija hapa tangu kabla ya uhuru. Hata barabara tunayonunulia spika, Luthuli Avenue, imepewa jina la Albert Luthuli, rais wa ANC aliyepewa Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Tunapita hapo kila siku tukitafuta waya wa chaji. Afrika Kusini haikuhitaji kugunduliwa Westlands. Iko kwenye kibao cha mtaa.

Kuna kundi la pili nalo linaniudhi, pengine zaidi. Hawa ni wale waliosoma. Mshikaji wangu mmoja (yeye alimaliza chuo, mimi niliacha mwaka wa pili, kwa hiyo huwa anamalizia mabishano kwa sauti ya mhadhiri) anasema ile pop ya miaka ya themanini ilikuwa upuuzi. Hata wenyewe waliiita bubblegum, anasema, peremende ya kutafuna na kutema. Watu wanapigwa risasi Soweto na wewe unaimba kuhusu dijei. Kwake muziki halali wa enzi hiyo ni wa uhamishoni: Makeba, Hugh Masekela, watu waliotaja maovu kwa jina.

Rahisi kusema ukiwa Lavington. Aliyebaki ndani alikuwa na redio moja kubwa, ya serikali, SABC, na serikali hiyo iliwagawa Waafrika kwa stesheni za lugha: Wazulu kivyao, Wasotho kivyao. Wimbo wa kuchanganya lugha ulikuwa tatizo. Wimbo wenye siasa ulikuwa tatizo kubwa zaidi, na dawa yao ilikuwa ya kishamba kabisa: mfanyakazi wa maktaba ya redio alichukua kitu chenye ncha akakwaruza mstari ule wa santuri usichezeke. Hebu fikiria hiyo kazi. Unaamka asubuhi, unavaa tai, unaenda kukwaruza nyimbo.

Basi watu wakajifunza kupita. Chicco Twala akatoa "We Miss You Manelow". Manelow ni nani? Hakuna mtu wa jina hilo. Kila aliyecheza alijua ni Mandela, na karatasi ya wakaguzi ilisema Manelow. Huo ni upuuzi? Kizazi chetu kinachobadilisha herufi mbili ili video isifutwe mtandaoni kinapaswa kuwa cha mwisho kucheka ujanja huo.

Na ule "Umqombothi" wenyewe, wimbo wa pombe, ambao Chicco huyohuyo aliuandika na Attie van Wyk, Kaburu kwa ukoo. Umqombothi ni pombe ya kienyeji ya mahindi na mtama. Chini ya Makaburu, serikali ndiyo iliyotaka kuuzia watu weusi pombe kwenye mabaa yake, na pesa hizo zikasaidia kuendesha mitaa ileile ya kuwabagua. Mama aliyepika nyumbani alivamiwa na polisi, mapipa yakamwagwa. Vijana wa Soweto walipoinuka Juni 1976, mabaa ya serikali yalikuwa kati ya vitu vya kwanza kuchomwa. Sasa msichana anasimama anasifu pombe ya nyumbani, kwa tabasamu, na redio ya serikali inaipiga. Mshikaji, soma tena.

Nyanya yangu hakuhitaji kusomewa. Alipika busaa Kangemi, na siku mbaya chang'aa, ambayo iliharamishwa kwa sheria mwaka 1980 na haikuruhusiwa tena mpaka 2010. Baba anasema polisi wakija, mapipa yalimwagwa mpaka njia yote ikanuka uji uliochacha. Wimbo ulipofika kwao haukuwa habari za nchi ya mbali.

Lakini sitaki kudai kila wimbo ulikuwa na bomu limefichwa ndani. Hiyo nayo ni dharau, kwamba mtu mweusi chini ya ubaguzi haruhusiwi kuimba ila siasa. "Weekend Special" ni malalamiko ya mwanamke anayetembelewa wikendi tu. Basi. Inatosha. Mtu aliyeachwa Jumatatu anaumia hata kama nchi yake haina kura.

Na sisi tulikuwa wapi? Hapa ndipo mabango ya Westlands yanaponyamaza. "Enzi za ubaguzi wa rangi" inaandikwa kana kwamba giza lilikuwa huko tu. Miaka ambayo watu walicheza Brenda pale Florida, mwendo wa dakika chache kwa miguu watu wengine walikuwa wamefungiwa vyumba vya chini vya Nyayo House, wamesimamishwa kwenye maji, kwa kushukiwa kuwa Mwakenya. Tulilaani Makaburu kwa sauti kwa sababu kulaani Makaburu kuliruhusiwa. Mei 1990 serikali ikabomoa kijiji cha Muoroto, watu wakakiimbia kwenye kaseti, na polisi wakaanza kukamata waliouza kaseti hizo. Saba Saba ikafika, damu ikamwagika. Siku chache tu baadaye, Mandela akasimama Kasarani kando ya Moi, na uwanja ukalipuka kwa furaha.

Baba alikuwa Kasarani siku hiyo. Alikuwa makanga. Ananiambia kwamba kaseti yake ya Muoroto aliificha ndani ya kava la Brenda Fassie, kwa sababu hakuna askari angesumbuka kufungua hiyo. Upuuzi wa kutafuna na kutema, eti.

Sasa ile sababu yangu ya kulipa elfu mbili. Nikiwa mwaka wa pili, karo ikiwa imenikaba, niliuza sanduku la baba. Santuri thelathini na moja. Nilikutana na mnunuzi nje ya Archives, akazipitia akiwa amesimama, akanipa elfu tisa. Hata nusu ya deni haikufika, na chuo nikaacha vilevile. Nilipomwambia baba, alikaa kidogo, kisha akauliza, "Na ile ya Yvonne?" Nikamwambia ndiyo, na hiyo. Hakuuliza tena. Tangu siku hiyo, kila nikiona jalada ukutani naangalia pembe ya juu kulia, kwa sababu pale ndipo alipokuwa akiandika jina lake kwa kalamu ya wino.

Kwa hiyo msidhani naandika nikiwa msafi. Mimi ni sehemu ya biashara hii, tena ile ya bei ya chini. Ndiyo maana naomba vitu vidogo tu. Bango liseme wimbo ulitoka lini na ulichezwa wapi hapa kwetu. Wenye miaka zaidi ya hamsini waingie bure, wapewe na maikrofoni. Na mtu aeleze kiasi gani cha hizo elfu mbili kinamfikia aliyeimba. Solomon Linda alirekodi "Mbube" mwaka 1939 akalipwa vijisenti, wimbo ukatajirisha watu ng'ambo, na familia yake ilifika makubaliano mwaka 2006 tu, yeye akiwa kaburini miaka zaidi ya arobaini. Kama unajiita mpenzi wa muziki huu, hilo swali ni lako.

Jina la baba sikulipata usiku ule. Lakini kwenye jalada moja la Brenda, pembeni, kulikuwa na jina la mtu mwingine kwa wino wa bluu, na chini yake: Kawangware, 24/12/88. Mkesha wa Krismasi. Nilimsubiri dijei amalize, nikamwonyesha.

"Aah, hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo ilitufanya tuipate rahisi. Ikiwa na maandishi bei inashuka."

Kesho yake nilimpitia baba Kangemi. Akaniuliza kama walipiga ya Yvonne. Nikamwambia walipiga.

"Wakageuza upande wa pili?"

Hawakugeuza.