Saratani mpakani Busia na Tororo: Nani analea watoto mama akiwa wodini?

Kituo cha pamoja cha forodha mjini Busia kilifunguliwa rasmi na Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta Februari 2018, na tangu hapo lori la mizigo hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Mgonjwa wa saratani hajapata wepesi wa namna hiyo. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka, wanaoana na kuzikana, lakini kila mmoja hutibiwa kwa utaratibu wa nchi iliyompa kitambulisho.

Mzigo huo huwaelemea zaidi akina mama wenye watoto wadogo. Saratani ya matiti na ile ya shingo ya kizazi, zinazoongoza kwa wanawake wa Kenya na Uganda, huwakuta wengi wangali katika umri wa kulea. Utafiti uliowafuatilia wanawake wenye saratani ya matiti katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo, ulikadiria kwamba kila vifo 100 vya walio chini ya miaka 50 huacha watoto 210 bila mama.

Hesabu hiyo huanzia kaburini. Haionyeshi miezi, pengine miaka, ambayo mama huishi na ugonjwa uliokwisha sambaa huku watoto wakimtazama yeye kwa uji, sare za shule na dawa ya malaria. Kutoka Tororo hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, ni zaidi ya kilomita 200. Tiba ya mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa majuma kadhaa. Nauli yaweza kupatikana kwa kuuza mbuzi. Mlezi wa mtoto wa miaka miwili hapatikani sokoni. Mara nyingi ni bibi, au binti mkubwa ambaye shule humsubiri. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya taasisi hiyo iliharibika, na mpya ikaanza kazi karibu miaka miwili baadaye. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi, mbali zaidi na watoto wao.

Upande wa Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kiwango chake cha saratani kilianza kwa shilingi 550,000 kwa mwaka, na kiwango hicho ni cha familia nzima. Bima hulipa hospitali. Anayebaki na watoto nyumbani hayumo.

Uganda haina bima ya afya ya taifa, lakini katika jambo moja imetangulia. Shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, lilieneza mofini ya maji ya kunywa, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuiandikia wagonjwa. Dawa hiyo haiponyi saratani. Hata hivyo, mama asiyelia kwa maumivu usiku huamka asubuhi akamsuka binti yake nywele, na kwa mtoto hiyo ndiyo tiba inayoonekana. Wanaopanga bajeti za afya wangefanya vyema kuihesabu kama malezi.

Linabaki suala la makaratasi, ambalo mpakani si dogo. Mwanamke wa Busia ya Uganda aliyeolewa Kenya akifariki, watoto huweza kuvushwa usiku huohuo kwenda kwa bibi yao, bila cheti cha kuzaliwa wala barua ya kumtaja mlezi. Ukoo unawatambua, mwalimu mkuu na karani wa hospitali wataomba hati. Familia nyingi huona kulizungumza hilo mapema ni kuuita msiba, na mume huenda yuko safarini na lori. Lakini karani wa vizazi humhudumia kwa urahisi zaidi mama aliyefika mwenyewe, kitambulisho mkononi, angali na nguvu ya kupanga foleni.