Kabla hujang'oa ukoka ili utandike nyasi bandia

Wiki hii mfanyabiashara mmoja wa genge alinisimamisha njiani. Anataka kung'oa ukoka mbele ya kibanda chake, amwage zege, kisha atandike nyasi bandia kama alizoziona kwenye saluni za mjini. Akaniuliza: "Bwana shamba, si zinatunza mazingira? Hazinywi maji." Nimeona nimjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Faida zake

Ni kweli hazihitaji kumwagiliwa, mbolea, dawa wala kufyekwa. Mvua ikinyesha, wateja hawakanyagi tope. Ndiyo maana viwanja vinavyochezewa mechi mfululizo, kama Karume pale Dar es Salaam, vimetandikwa nyasi hizi.

Lakini kumbuka zilikoanzia. Zilipata umaarufu mwaka 1966 huko Houston, Marekani, katika uwanja wenye paa. Paa lilipopakwa rangi ili mwanga usiwasumbue wachezaji, nyasi hai zikafa kwa kukosa jua. Nyasi bandia ziliwekwa mahali ambapo nyasi hai hazikuweza kuishi. Je, mbele ya duka lako jua limekosekana?

Hasara zake

Kwanza, joto. Nyasi hai hutoa mvuke wa maji na kupoza hewa. Plastiki haina uwezo huo. Jua la mchana likiwaka, nyasi bandia zinaweza kupita nyuzijoto 60. Mtoto peku hapiti hapo. Ukitaka kuzipoza inabidi uzimwagie maji, yale yale uliyosema unayaokoa.

Pili, udongo. Ukifunika ardhi kwa zege, maji ya mvua hayazami. Yatakwenda kwenye msingi wa nyumba yako au kwa jirani. Minyoo haitapata majani ya kula, na mbuzi wako atakosa malisho.

Tatu, taka. Nyasi hizi huchakaa na kupukutisha nyuzi. Kuku hudonoa, mvua husomba hadi mtoni. Zikiisha kabisa utazipeleka wapi? Kijijini hatuna pa kuzirejeleza, na ukizichoma unavuta moshi wa sumu wewe na majirani. Tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Sioni sababu ya kuirudisha plastiki kwa kuitandaza uani.

Ushauri wangu

Kama una kibanda chenye giza au sakafu ya saruji tayari, kipande kidogo cha kufutia miguu si tatizo. Usimwache mbuzi akitafune, na usikichome kikichakaa. Lakini kung'oa nyasi hai ili uweke plastiki, mimi sikubaliani nako.

Baki na ukoka, au upande pale palipo wazi. Mvua zinapoanza, chukua vipande vya shina vyenye vifundo viwili au vitatu, vizike kwa nafasi ya sentimita 20. Mita moja ya mraba inahitaji vipande kama 25, na miche unaipata bure kando ya njia. Mvua ikikatika katika wiki mbili za mwanzo, mwagilia kwa maji uliyosuuzia vyombo. Pale wateja wanapopita kila siku, weka njia ya mawe au kokoto, kwani hapo ndipo nyasi hufa na tope huanza.

Nisikufiche: ukoka ni msumbufu ukiingia shambani. Zika safu ya matofali pembeni na ukate mapema unaovuka. Chini ya mwembe hautastawi, hapo mwaga kokoto tu.

Kazi ipo, lakini majani utakayokata ni chakula cha mbuzi na sungura. Nyasi bandia hazitakulishia hata kuku mmoja.

Mwenye swali aniulize tukikutana gulioni.