DAFTARI LA POLISI SI KIPIMO CHA AMANI



Kila mara raia husomewa hesabu ya makosa iliyochotwa madaftarini mwa polisi. Na hesabu ikishuka, wakubwa hupiga vifua wakanena: nchi imetulia. Sisi twauliza: kahesabiwa nani?

Tazameni Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliokatwa hasa katika Shinyanga mwaka 2012. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na polisi wasionekane, wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi walijiundia sungusungu: wakapiga yowe, wakafuata nyayo, wakahukumu wenyewe. Aliyeibiwa akayamaliza huko, kituoni hana hata mstari mmoja. Je, hakuibiwa? Na bibi kizee anayeitwa mchawi kwa wekundu wa macho yake, akalala akiogopa panga, khofu yake imo daftari gani?

Daftari huonyesha waliothubutu kushitaki, si wote waliodhulumiwa. Polisi wakiaminiwa, mashitaka huongezeka, wakiogopwa, hupungua. Basi hesabu ikishuka, huenda iliyopanda ni khofu.

Wenzetu walilitambua hili zamani. Marekani tangu 1972, na Uingereza tangu 1982, huwauliza watu majumbani: umedhulumiwa? Ulishitaki? Kama hukushitaki, kwa nini? Dar es Salaam nako watu waliulizwa mwaka 1992. Lakini mji mmoja si nchi. Afrobarometer huwauliza kiasi cha watu 2,400, Bara na Visiwani. Idadi hiyo haitoshi kuusemea Mkoa wa Simiyu, wala Pemba.

Atakayesema Bariadi haituhusu, na akumbuke kuwa polisi wa Bariadi na wa Wete ni jeshi moja, jambo la Muungano. Takwimu za udhalilishaji zitolewazo na Mtakwimu Mkuu wetu nazo hutoka vituoni. Mama asiyethubutu kwenda, hamo. Na aliyepigwa risasi na polisi Pemba, Januari 2001, angekwenda kushitaki kituo gani?

Twadai uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, mkoa kwa mkoa, Bara na Visiwani. Waulizao wasiwe polisi wala masheha. Majina ya wajibuo yafichwe. Majibu yachapishwe yote, matamu na machungu.

Serikali isiyotaka kuuliza yaogopa jibu. Nayo ikumbuke: kimya kingi kina mshindo mkuu.