Kutoa Upepo Katika Breki Bila Msaidizi

Barabara itokayo Kigali hupita Musanze, ikapanda hadi Mukamira na Bigogwe, mahali palipo juu zaidi ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kutoka huko huteremka kwa kona nyingi, ikapitia Mahoko na Nyundo, hata ifike Gisenyi, mji wa Wilaya ya Rubavu, kando ya Ziwa Kivu ambalo uso wake uko kwenye meta 1,460. Katika mteremko huo yamekwisha kutokea mambo ya kusikitisha, na Wanyarwanda wana msemo wao: gari likishindwa kusimama husema "yacitse feri", yaani limekatika breki.

Msemo huo hudanganya kidogo, kwani aghalabu hakuna kitu kilichokatika. Gari la kilo 1,200 likishuka meta 100 tu, nguvu inayopasa kumezwa na breki, injini na upepo yatosha kuchemsha lita zaidi ya 3 za maji. Dereva asiyetumia gia ndogo huzitwisha breki karibu mzigo wote. Nayo mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu wa hewani mwaka hata mwaka. DOT 3 mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakiisha kulowa, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Yakichemka hufanya mapovu. Mafuta hayabonyei, bali mapovu hubonyea, na kanyagio huzama hadi sakafuni. Breki za namna hiyo zaweza kuonekana nzima kabisa katika barabara tambarare ya ufukweni.

Kwa hiyo kutoa upepo na kubadili mafuta, walau kila miaka miwili, si anasa. Desturi ya gereji ni watu wawili: mmoja hukanyaga, mwingine hulala chini na spana, na kelele za "Kanyaga! Shikilia!" hazishi. Msaidizi akiachia mapema kidogo, upepo hurudi ndani. Mtu aliye peke yake, akiwa na subira, hufanya kazi hiyo vizuri pengine kuliko wawili wasioelewana.

Atahitaji spana ya ringi inayoshika sawasawa, mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, chupa ya kioo, na mafuta mapya ya alama iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi la breki. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa, mawe yamewekwa kwenye magurudumu. Asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kwa gari lenye usukani kushoto, kama yalivyo mengi ya Rwanda, kazi huanzia gurudumu la nyuma kulia, lililo mbali zaidi. Kisha nyuma kushoto, mbele kulia, na mwisho mbele kushoto. Magari mengine yana utaratibu wao, na hapo kitabu cha gari ndicho kifuatwe.

Spana huvishwa kwanza kwenye skrubu ya kutolea upepo, kisha mpira. Mpira upande juu kuliko skrubu kabla ya kuingia chupani, na ncha yake izame katika mafuta mapya. Hapo ndipo ilipo siri yote: kanyagio likirudi, kinachovutwa nyuma ni mafuta, si upepo. Skrubu hufunguliwa robo ya mzunguko tu. Ikilegea mno, upepo hupenya kwenye nyuzi zake, na mtu ataona mapovu madogo yasiyokwisha akadhani breki zimemshinda.

Kanyagio hukanyagwa polepole na kuachiwa polepole. Katika gari kuukuu ni vizuri kuweka kipande cha ubao chini yake ili lisifike sakafuni, kwani mipira ya silinda kuu huweza kuchanika ikipita pasipozoea kupita. Kila baada ya mikanyago mitano, tangi litazamwe na kuongezwa. Wengi husahau hapa: tangi likikauka, silinda kuu humeza upepo, na kazi yote huanza upya. Mafuta yakitoka meupe bila povu, skrubu hukazwa, kisha huendewa gurudumu jingine.

Mwishowe kanyagio liwe gumu. Likiendelea kuzama taratibu chini ya mguu uliotulia, huenda pana mvujo au silinda kuu imechakaa, na gari lisiondoke mpaka fundi alione. Likiwa gumu, injini iwashwe, kisha gari lijaribiwe kwa mwendo wa mtu atembeaye, uwanjani, si kwenye mteremko.

Mafuta yaliyotoka yasirudishwe tangini wala kumwagwa mfereji uendao ziwani, wanakovuliwa sambaza. Yatiwe katika chupa yenye kifuniko, yaandikwe jina, yawekwe mbali na watoto, kwa maana rangi yake ni kama ya asali, nayo ni sumu. Yakidondokea bodi ya gari yaoshwe mara moja kwa maji mengi, maana hula rangi.