MAISHA YA PORINI, SEHEMU YA 4: Mgeni anavaa kaki, mlinzi anavaa bluu

Jamani mlioniomba niendelee, haya nimeendelea. Sehemu ya 3 iliwachokoza watu wa makambi, wakanifuata inboksi eti nawachukia wageni. Siwachukii. Nimewahudumia, na wengi wao ni wapole kuliko ndugu zetu wanaotukana manesi pale mapokezi.

Ninachokataa ni ile sentensi moja. Mgeni kakaa porini huku kaskazini miezi minane, anahesabu fisi au anaandika kitabu, analala kwenye hema, anaoga maji ya ndoo, anakula ugali, halafu anapiga picha na kuandika "naishi kama mwenyeji." Meneja wa kambi anaisambaza.

Kama mwenyeji yupi?

Tuanze na nguo. Mgeni kabla hajapanda ndege ametumiwa orodha: lete kaki, usilete bluu wala nyeusi, mbung'o wanazifuata. Na ni kweli. Ndiyo maana mitego ya mbung'o mnayoiona imening'inizwa kwenye miti hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Sasa nenda kambi hiyohiyo ukamwangalie mlinzi. Sare ya bluu nzito, koti jeusi. Yaani tumemvalisha mtu mtego, halafu tunamwambia akakate kuni na kusindikiza wageni. Tena msiniambie amepewa neti. Mbung'o anauma mchana kweupe, hata juu ya shati.

Mwezi uliopita nilimpokea mlinzi wa namna hiyo, wa kambi ambayo sitaitaja. Kaletwa kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na shemeji yake, maana peke yake angeanguka. Homa zilimwanza wiki sita nyuma. Kambini wakampa panadol. Zikarudi, wakampa dawa mseto bila kumpima. Akaenda zahanati, kipimo cha malaria hasi, basi akaambiwa UTI na taifodi, ule wimbo wetu wa kila siku. Baadaye akawa anasinzia mchana, usiku hapati usingizi, anaongea vitu visivyoeleweka. Zamu ya usiku akakutwa kalala kwenye kiti. Kambi ikamkata mshahara wa siku mbili kwa kulala lindoni.

Someni tena hapo. Mtu ana malale, anakatwa hela kwa sababu kalala.

Aliyemwokoa ni kijana wetu wa maabara. Hakuridhika na kipimo cha haraka, akaweka damu kwenye darubini, akaviona vimelea vinajinyonganyonga. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi malale hata upime mara kumi. Manesi na matabibu wenzangu, hili ni letu, tusiwasukumie makambi peke yao: mgonjwa katoka mbugani, ana homa, malaria hakuna, omba damu isomwe kwa darubini. Muulize kuhusu mbung'o. Tafuta kidonda pale alipoumwa. Malale ya huku mashariki yanakimbia, hayasubiri miaka kama yale ya Kongo. Yakishafika kwenye ubongo ni kutoa maji ya uti wa mgongo, na mojawapo ya dawa zilizozoeleka ina aseniki ndani yake. Nimemshika mkono mgonjwa akichomwa hiyo. Sitaki kuielezea.

Mwaka 2001 watalii kadhaa wa Ulaya waliotembelea Serengeti na Tarangire waligundulika na malale baada ya kurudi kwao, majarida ya tiba yakaandika. Wa kwetu anaandikiwa UTI.

Kambi hiyohiyo, mtafiti wao alipopata homa mwaka jana, siku ya pili ndege ndogo ilitua kumchukua. Yalikuwa mafua.

Najua jibu lenu: "mgeni kajilipia bima." Sawa. Sijaomba ndege kwa ajili ya mlinzi. Naomba lile gari la kambi linalokwenda mjini kila Ijumaa kuchukua mboga na soda. Ijumaa sita zilipita, na kiti cha mbele kilikuwa na kreti.

Na mwajiri kisheria anatakiwa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mbung'o aliyemuuma mtu akiwa kazini, ndani ya sare aliyopewa na kazi, kwangu mimi ni jambo la kazini. Mliochangia jazeni fomu. Ambao hamjachangia mnajijua.

Wewe mgeni unayeishi "kama mwenyeji" nawe nakuomba kitu kidogo: kabla ya picha inayofuata, muulize meneja wako kwa nini sare za walinzi si kaki. Wewe atakujibu. Mlinzi akiuliza ataambiwa mjuaji.

Mgonjwa wangu bado yuko wodini. Jana kwa mara ya kwanza ameongea vizuri, kanitambua, kaniita dada. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama zile siku mbili zitarudishwa kwenye mshahara.