Mzee Si Mgonjwa wa Kudumu

Watu husema kwamba mzee akiingia katika makao ya wazee hunyong'onyea upesi kwa sababu ya umri. Mimi nakataa. Mara nyingi kinachomnyong'onyeza ni jengo.

Litazame, ndugu msomaji. Ushoroba mrefu, vyumba pande zote mbili, meza ya wauguzi katikati, chakula kwa saa wanayotaka wao. Hiyo si nyumba, ni wodi. Wala haikutokea kwa bahati mbaya. Huko Marekani, sheria ya Hill-Burton ya mwaka 1946, iliyotoa fedha za kujengea hospitali, ilipanuliwa mwaka 1954 ikaingiza na makao ya kuuguzia wazee, nayo yakajengwa kwa mfano wa hospitali. Lakini mgonjwa wa hospitali hungoja kurudi kwake. Mzee huyu anangoja nini?

Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti uliofanywa katika makao ya wazee huko Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kuwa mambo yao ni juu yao wenyewe, na kila mmoja akapewa mmea autunze. Wa ghorofa nyingine walipewa mmea pia, ila wauguzi ndio walioumwagilia maji. Baada ya majuma machache, wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi. Mmea ni ule ule. Tofauti ilikuwa ni mkono unaotia maji.

Uholanzi, katika mji wa Weesp, wamekwenda mbali zaidi. Kijiji cha De Hogeweyk, kilichofunguliwa mwaka 2009, kina nyumba, duka na bustani, na wazee wenye maradhi ya kusahau hutembea humo.

Wako watakaosema: usalama kwanza, mzee ataanguka. Ni kweli, huenda akaanguka. Lakini anayekalishwa kitini kutwa naye anaanguka, ila anaanguka ndani, mahali ambapo daftari la muuguzi haliandiki.

Wengine watalia gharama. Je, baraza ni ghali? Wazee wetu wa pwani walijua kazi yake: mzee aketiye barazani husalimiwa, huulizwa shauri, hugombeza watoto wanaopita. Bado anahitajiwa.

Basi nasi tunaoanza kujenga makao haya tusiige wodi. Mchoraji aulizwe swali moja: mzee huyu ataamka asubuhi kwa ajili ya nini? Kama ramani haina jibu, ichanwe.