Wamaya tunawasingizia jamani

Najua nimepotea, tesiti zilinibana kweli. Leo nina jambo linanikera, na linanihusu mimi mwenyewe kwanza.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, Historia kidato cha pili, mwanafunzi mmoja akaniuliza: "Mwalimu, si ndio hao Wamaya waliosema dunia inaisha 2012? Mbona bado tupo?" Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Nikamjibu, "Waongo tu hao." Jioni nikaanza kusoma, aibu ikanishika.

Kisa chenyewe ni cha zamani. Mwaka 2012 nilikuwa darasa la pili. Kaka yangu alikuwa ameona ile filamu ya Roland Emmerich ya mwaka 2009, akaniambia Ijumaa ya tarehe 21 Desemba habaki mtu. Nikavunja kibubu, nikala visheti na soda siku tatu mfululizo. Jumamosi nikaamka mzima, hela hakuna, na Krismasi hiyo inakuja! Tangu hapo nikawaweka Wamaya kwenye kundi la matapeli.

Kumbe wao walikuwa wanahesabu siku tu. Kalenda yao ndefu inaanzia mwaka 3114 kabla ya Kristo. Siku 144,000 ni baktuni moja, na baktuni ya 13 ilitimia Desemba ile. Ni kama mita ya gari: ikigonga tisa zote inarudi sifuri, gari halilipuki, safari inaendelea. Kuna jiwe la Tortuguero kule Meksiko linaitaja tarehe hiyo, lakini halisemi dunia itaisha. Tena maandishi ya Palenque yanataja sherehe ya mwaka 4772! Sasa mtu anayeamini dunia imeisha 2012 anapanga sherehe ya 4772 ya nini? Habari ya maangamizi ilipikwa na waandishi wa vitabu wa karne ya 20, watu wa sinema wakaongeza chumvi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dunia ya Wamaya iliwahi kuisha kweli, na hatuisimulii. Julai 1562, mji wa Maní, padri Mhispania Diego de Landa alichoma vitabu vyao. Vilivyobaki duniani leo ni vinne tu. Halafu vita vya Guatemala, 1960 hadi 1996: tume ya ukweli iliripoti mwaka 1999 kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotea, na kati ya waathirika waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Na bado wapo, mamilioni, wanalima na wanaongea lugha zao. Sisi tunawaongelea kama watu waliokufa wote wakatuachia uongo.

Najua wapo mtakaosema, ah, utani tu huo. Jamani, hapa kwetu utani huu unaua. Kanungu, Uganda, waumini waliambiwa dunia inaisha na mwaka 1999. Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya kanisa. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Hakuna Mmaya aliyehusika pale. Kwa hiyo mwalimu anayejibu "waongo tu hao" na kucheka hajamkinga mwanafunzi na chochote. Kesho akija mwongo mwingine mwenye suti na spika, huyo mtoto atatumia nini kumpima?

Wiki iliyofuata nilirudi darasani nikamwambia yule kijana nilikosea. Akanitazama, akauliza, "Sasa mwalimu, inaisha lini?" Nikamwambia tarehe siijui, ila akitokea mtu anayeijua, amuulize kwanza: nani kasema, na kaandika wapi?

Ni hayo tu kwa leo. Wale wa Historia, kama nimeteleza nisahihisheni. Ngoja niwahi kantini, wali ukiisha hapo ndipo dunia inaisha kweli!